Bingwa Mkongwe na Kijana Mwenye Konde Zito: Umpe Nani Pambano?

Pambano la namna hii huwagawa watu kabla hata halijatangazwa. Upande mmoja yuko bingwa aliyekaa na mkanda miaka mingi mpaka watu wamesahau aliuchukua kwa nani. Upande wa pili yuko kijana asiyewahi kupoteza, anayelaza watu raundi ya pili au ya tatu na kushuka ulingoni bila hata mkwaruzo usoni. Ukimpa bingwa, utaambiwa unaishi kwa kumbukumbu. Ukimpa kijana, utaambiwa hajapigana na mtu bado.

Kila upande una ukweli wake, na ndiyo maana kuchagua ni kazi. Basi tuwapandishe ulingoni bila majina. Bingwa ana miaka 38, amepigana na kila aina ya bondia, na ameshawahi kupoteza. Kijana ana 24, rekodi yake imejaa KO (ushindi wa kummaliza mpinzani kabla ya raundi kuisha), na wengi aliokutana nao hawakufika raundi ya nne. Uzani ni mmoja, raundi ni 12 za dakika tatu, majaji ni watatu.

Nitawapima kwa mambo sita: konde, miguu na macho, pumzi na mwendo, kidevu, akili ya ulingo, na maandalizi. Umri sikuuweka kwenye orodha, na ni makusudi. Umri humwingia bondia kupitia mambo hayo sita, na hauyagusi yote kwa wakati mmoja. Kuna mtu ana miaka 36 na amekwisha kabisa, na kuna mwingine ana 43 na bado anasumbua.

Konde

Hapa ni rahisi, tupite haraka. Nguvu ya ngumi ndiyo ya mwisho kumuaga bondia. Ng'ombe hazeeki maini. Kwa hiyo ukisikia watu wanasema bingwa hana ngumi tena, uliza swali moja: ngumi imepungua, au haifiki? Mara nyingi haifiki. Mkono ni ule ule, ila anayepigwa ameshasogea kabla haujatoka.

Kwa kijana, konde lipo na halina ubishi. Usihesabu KO tu, tazama zilivyopatikana. Je, anaangusha kwa ngumi moja, au kwa mfululizo unaoanza na ngumi ya kunyoosha ya mkono wa mbele? Je, raundi ya saba konde lake lina uzito ule ule wa raundi ya kwanza? Na zaidi ya yote, je, anapiga mwilini? Mimi hili la mwisho ndilo ninalolitafuta kwanza. Kichwa cha mkongwe kinajua kukwepa kwa mazoea ya miaka ishirini, lakini mbavu hazina pa kukimbilia. Kijana anayewinda kichwa tu anampa bingwa nafasi ya kufanya kile anachokijua kuliko vyote.

Miguu na macho

Kwa bingwa, uzee hubisha hodi hapa kwanza. Usiangalie anavyorukaruka wakati wa utambulisho. Kila mtu ni mwepesi kabla ya kengele. Mwangalie anapomaliza kurusha ngumi. Bondia mwenye miguu hupiga na kuondoka, au hupiga na kugeuka pembeni. Miguu ikianza kumsaliti, hupiga na kubaki pale pale akisubiri jibu. Dalili nyingine ni kamba: bingwa aliyekuwa anapigana katikati ya ulingo, sasa unamkuta kwenye kamba bila yeye mwenyewe kutaka. Na iliyo mbaya kuliko zote ni pale anapoiona ngumi inakuja, uso wake unaonyesha kabisa kuwa ameiona, na bado inamkuta.

Kinachoamua uharibifu huo utakuwa mkubwa kiasi gani ni jinsi alivyojenga mchezo wake alipokuwa kijana. Roy Jones Jr. alikuwa na kasi isiyo ya kawaida, akaishi kwa kasi hiyo: mikono chini, kidevu wazi, anakwepa kwa macho tu. Mwaka 2004, akiwa na miaka 35, Antonio Tarver alimlaza raundi ya pili. Tarver hakuwa kijana. Walikuwa rika moja. Kilichomwangusha Jones ni kwamba macho yalichelewa kidogo na chini yake hapakuwa na ukuta wa pili.

Bernard Hopkins ni kinyume chake. Yeye alijenga mchezo wake juu ya umbali, kidevu kilichofichwa begani, na hatua ndogo ndogo za kumnyima mpinzani pembe. Vitu hivyo huchakaa polepole. Mwaka 2011, huko Montreal, alimshinda Jean Pascal na kuwa mtu mwenye umri mkubwa kuliko wote kuwahi kutwaa ubingwa mkubwa wa dunia hadi wakati huo. Alikuwa na miaka 46.

Kijana naye ana miguu mibichi, lakini tusidanganyane: mabondia wengi wenye konde zito wana miguu ya kwenda mbele tu. Ili ngumi iwe nzito ni lazima mguu ushike sakafu kwanza, na mtu akizoea kushika sakafu hujisahau kutembea pembeni. Kelly Pavlik aliingia kwa Hopkins Oktoba 2008 akiwa na ushindi 34 bila kupoteza, 30 kati yake kwa KO. Yeye alikuwa na miaka 26, Hopkins 43. Usiku mzima Hopkins alimzungusha, na kila Pavlik alipotaka kuweka miguu apige, mtu hayupo. Majaji wote watatu walimpa mkongwe, tena kwa pointi nyingi. Mikono ya Pavlik haikuwa na tatizo lolote. Hakupewa tu mahali pa kusimama.

Pumzi na mwendo

Kama una muda wa kupima jambo moja tu, pima hili. Mfano mzuri ni George Foreman aliyerudi ulingoni baada ya kukaa nje miaka kumi.

Aprili 1991, akiwa na miaka 42, alipoteza kwa pointi kwa Evander Holyfield. Juni 1993 akapoteza tena kwa pointi kwa Tommy Morrison, kijana wa miaka 24 aliyesifika kwa konde zito. Usiku ule Morrison aliacha ubabe wake nyumbani. Alipiga, akaondoka, akapiga, akaondoka, raundi zote 12, na Foreman hakumpata. Kisha Novemba 1994, Las Vegas, Foreman akakutana na bingwa Michael Moorer, miaka 26. Kwa raundi tisa Moorer aliongoza kwa majaji wote. Raundi ya kumi akabaki mbele ya mzee, mkono wa kulia ukapita, na Foreman akawa bingwa wa uzani wa juu akiwa na miaka 45.

Foreman wa 1994 alikuwa mzee kuliko wa 1993. Katikati hapo hakurudishiwa ujana. Tofauti ni kwamba Morrison alimlazimisha kutembea, na Moorer akamruhusu kusimama. Kwa maoni yangu swali la pambano letu ni hilo: ni nani atakayepanga mwendo?

Bingwa wa miaka 38 hakosi pumzi ya kumaliza raundi 12. Anachokosa ni ile milipuko mingi ndani ya raundi moja. Kwa hiyo huibana: anapumzika dakika mbili kwa kukumbatia, kusukuma na kurusha ngumi moja moja, kisha nusu dakika ya mwisho anaamka ili majaji wabaki na picha yake. Ukimnyima mapumziko hayo, ifikapo raundi ya saba mikono inaanza kushuka. Na kuna umri ambao hakuna ujanja unaosaidia: Novemba 2024 Mike Tyson alipopigana na Jake Paul akiwa na miaka 58, raundi zilikuwa nane tu za dakika mbili, na bado alirusha ngumi zisizofika 100 pambano zima.

Kijana ana mzigo wa aina nyingine. Ngumi nzito inayokosa inachosha kuliko inayopata, na mtu aliyezoea kumaliza kazi mapema hajui mwili wake unafananaje raundi ya tisa. Foreman huyo huyo, akiwa na miaka 25, alifika Kinshasa mwaka 1974 na ushindi 40 bila kupoteza, 37 kwa KO, akamwaga kila kitu kwenye mikono na mbavu za Muhammad Ali aliyeegemea kamba, na raundi ya nane akalazwa. Mfano huu ndio unaopendwa kuliko yote katika ubishi kama wetu, na mimi nauogopa kidogo. Ali wa Kinshasa alikuwa na miaka 32, siyo 38. Alipofika hiyo 38, Oktoba 1980 mbele ya Larry Holmes, alipigwa raundi kumi na kona yake, yaani kocha na wasaidizi wake, haikumruhusu kutoka kwa ya kumi na moja. Anayempa bingwa pambano kwa sababu ya Kinshasa aukumbuke na usiku huo.

Kidevu

Kidevu cha bingwa tunakijua, na kibaya ni kwamba kila mtu anakijua. Ngumi alizopigwa hazifutiki. Bondia aliyewahi kulazwa vibaya mara mbili, ya tatu huja kwa ngumi nyepesi zaidi. Lakini anajua kunusurika. Archie Moore, aliyekuwa ameshavuka miaka 40, aliangushwa mara tatu raundi ya kwanza na Yvon Durelle mwaka 1958, akaangushwa tena ya tano, halafu akamlaza Durelle raundi ya kumi na moja. Kunusurika ni ufundi: kushika mikono ya mpinzani, kupiga goti mpaka hesabu ifike nane, kutembea upande usio na mkono mzito.

Cha kijana hatukijui, naye mwenyewe hakijui. Anthony Joshua aliingia kwa Wladimir Klitschko Aprili 2017, Wembley, akiwa na ushindi 18 wote kwa KO. Raundi ya sita alijikuta sakafuni. Aliinuka, akavuka raundi mbili tatu za mateso, na raundi ya kumi na moja akamaliza kazi dhidi ya mtu wa miaka 41. Kabla ya usiku ule hakuna aliyeweza kuapa kwamba angeinuka. Ukimchagua kijana asiyewahi kuanguka, ujue kwamba katika hili unakisia.

Akili ya ulingo

Bingwa anaongoza, bila shaka. Anajua mwamuzi gani anavumilia kukumbatiana, anajua kukanyaga mguu wa mbele kana kwamba ni bahati mbaya, anajua kuzungumza na mpinzani mpaka hasira impande. Lakini uzoefu una gharama yake pia, nayo huzungumzwa mara chache. Klitschko yule yule alimwona Joshua akiyumba raundi ya sita na hakumwendea kwa nguvu zote. Alikumbuka hatari nyingi mno. Aliyeona mengi husita.

Kijana hajui mengi, na wakati mwingine hiyo ndiyo silaha yake. Anarusha ngumi ambayo mwenye busara asingeirusha, na inapata kwa sababu haikutegemewa. Pale tu mpango wake wa kwanza unapokwama ndipo utajua kama ana wa pili.

Maandalizi

Hapa ndipo watu hupotea kwa sababu hawasomi tarehe. Larry Holmes alipopigana na Tyson Januari 1988 alikuwa na miaka 38 na alikuwa hajapanda ulingoni karibu miaka miwili. Tyson, miaka 21, alimmaliza raundi ya nne, na ndiye mtu pekee aliyewahi kummaliza Holmes kabla ya muda. Ukiishia hapo utasema miaka 38 ni mingi. Lakini Februari 1992 Holmes huyo huyo, sasa akiwa na 42, alimshinda kwa pointi Ray Mercer, bingwa wa Olimpiki wa 1988 ambaye hakuwa amepoteza na ambaye miezi michache nyuma alikuwa amemlaza Tommy Morrison. Safari hii Holmes alikuwa amepigana mara kadhaa mwaka uliotangulia. Kukaa nje kulimdhuru kuliko umri.

Angalia pia kwa nini bingwa anapigana. Joe Louis alipanda kwa Rocky Marciano mwaka 1951 akiwa na miaka 37 na deni kubwa la kodi mgongoni. Alilazwa raundi ya nane. Mtu anayepigana kulipa deni hachagui mpinzani wala tarehe.

Kwa kijana, swali ni kona. Je, kuna mtu pale anayeweza kumwambia abadilike, na je, yeye husikia? Kona ya Moorer ilimwonya asisimame mbele ya Foreman. Onyo lilifika, ila miguu haikulifuata.

Kila mmoja anamfaa nani

Bingwa anamfaa anayetazama pambano kwa raundi, anayeamini kwamba ngumi kumi ndogo zilizopangwa zina thamani kuliko moja kubwa inayosubiriwa, na anayeweza kuvumilia raundi tano zisizo na msisimko bila kubadili msimamo. Ukimchagua, unachagua ushindi wa pointi. Usitarajie mambo yaishe mapema.

Kijana anamfaa anayeona kwamba mkongwe anatakiwa awe sahihi dakika 36, na kijana anatakiwa awe sahihi mara moja. Hesabu hiyo haina kosa. Ila ukimchagua, kubali pia kwamba ukimwona raundi ya tisa bado anatafuta ngumi moja, huenda ameshapoteza raundi sita kwenye karatasi za majaji. Raundi ya kawaida ni 10-9: aliyeshinda raundi hupata pointi kumi, aliyeshindwa tisa. Kuangusha mara moja humpa 10-8, na hiyo moja haitoshi kufuta sita.

Ukiwa katika hali hii, fanya hivi

Kama ni uzani wa juu, mwongezee bingwa nafasi. Wazito hutegemea miguu kidogo na konde zao hazizeeki upesi. Katika uzani mwepesi na wa kati, mpunguzie, ingawa Manny Pacquiao alimwangusha Keith Thurman raundi ya kwanza na kumshinda mwaka 2019 akiwa na miaka 40. Ni mmoja kati ya wengi wasioweza.

Kama bingwa hajapigana zaidi ya mwaka mmoja, au imemlazimu kupunguza uzito mwingi kufika kwenye mizani, mpe kijana. Uso uliobonyea siku ya kupima uzito kwa mtu wa miaka 38 ni habari mbaya kuliko rekodi yoyote ya mpinzani.

Kama bingwa aliishi kwa kasi na mikono chini, mpe kijana. Kama aliishi kwa umbali na kidevu kilichofichwa, na kijana ni wa kwenda mbele moja kwa moja, mpe bingwa, hata kama umati wote unasema vingine.

Kama kijana anapiga mwilini tangu raundi ya kwanza, mpe yeye, tena bila kujali bingwa ni wa aina gani.

Kama kijana hajawahi kuvuka raundi ya sita na bingwa ameshavuka ya kumi mara nyingi, gawa pambano mara mbili: mpaka raundi ya tano ni la kijana, kuanzia ya nane ni la bingwa, na zile mbili za katikati ndizo za kutazama kwa makini.

Na kama kijana ana konde zito pamoja na subira, usihangaike kumtafutia mkongwe sababu. Sergey Kovalev alimwangusha Hopkins raundi ya kwanza Novemba 2014, kisha hakumkimbilia. Alikaa mbali, akamfanyia kazi kwa ngumi ya mbele usiku mzima, na hakuna jaji aliyempa Hopkins hata raundi moja. Hopkins alikuwa na miaka 49, na ujanja wote uliomzungusha Pavlik alikuwa nao bado.